Mnusaji Mkuu wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani, na wanaoitawala wameniomba niseme hivyo mapema kabisa. Basi nimesema. Ni nchi nzuri. Ina bahari upande mmoja na majirani pande zilizobaki, ina katiba iliyojalidiwa kwa ngozi, na ina jiji kuu liitwalo Fanaka, ambalo wakazi wake wanasifika kwa uvumilivu.

Mambo haya yalianza pale Mkuu wa Nchi aliporudi kutoka ziara ya kikazi katika nchi moja ya baridi. Huko alikuwa ameona watu wameketi kwenye mabenchi, chini ya miti, wanatazama bata. Hawakuwa wakifanya kingine. Alipouliza watu hawa wana nini, akajibiwa kwamba wana ustawi. Mkuu wa Nchi aliumia moyoni kuona wananchi wake hawana, na aliposhuka tu kwenye ndege akaunda Wizara ya Hewa, Mandhari na Furaha, akamkabidhi Mheshimiwa Zefania Lukindo.

Mheshimiwa Lukindo alikuwa mtu wa vitendo. Mabenchi yakawekwa kando ya barabara kuu, ya chuma tupu ili yadumu, na kweli yalidumu, kwa sababu jua likishapanda hakuna aliyethubutu kuyakalia. Bata wakaletwa, wakaliwa. Miti ya barabara ya bandarini ikakatwa ili zipatikane nguzo za mabango, na juu ya kila nguzo likatundikwa bango lililosema TUNZA MITI. Kwenye kona za mitaa ikachorwa miduara ya rangi ya kijani yenye maneno VUTA PUMZI HAPA. Wananchi watiifu waliingia ndani ya miduara, wakavuta pumzi, wakakohoa, wakaendelea na safari zao.

Ikabaki harufu.

Katikati ya Fanaka palikuwa na dampo lililoitwa Shangwe. Lilikuwa likijiwashia moto lenyewe na kufuka moshi usiku na mchana. Harufu yake iliingia sokoni bila kulipa ushuru, ikaingia mahakamani bila kuitwa shaurini, na siku upepo ulipogeuka, ikaingia Ikulu bila miadi.

Hapo Wizara ikachukua hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa ya lugha. Waziri alitoa waraka kwamba kitenzi "kunuka" hakifai katika taifa linalosonga mbele, na kuanzia siku hiyo kiongezewe irabu moja, kiwe "kunukia". Mabango makubwa yakasimamishwa: JIJI LETU LANUKIA. Watu wasiojulikana wakawa wanaibandua ile herufi I, kila inaporudishwa wanaibandua tena, mpaka serikali ikaajiri walinzi wa irabu, wenye virungu na buti.

Hatua ya pili ilikuwa ya kisayansi. Wafadhili walileta mashine ya kupima hewa, ikawekwa karibu na Shangwe mbele ya waandishi wa habari. Mashine ikawaka taa nyekundu, ikalia kama mtoto aliyefinywa, kisha ikazima na haikuwaka tena. Waziri aliwatuliza waandishi.

"Mashine hii ni ngeni," alisema. "Haijazoea. Huwezi kumpokea mgeni asubuhi halafu mchana umwombe akusemee siri za nyumba yako. Tutatumia kifaa chetu cha asili, kisichotaka umeme wala vipuri, ambacho Mwenyezi Mungu amemgawia kila raia bila upendeleo. Ndugu zangu, tutatumia pua."

Wiki hiyohiyo ikatangazwa nafasi ya Mnusaji Mkuu wa Taifa.

*

Haruni Kitwana alikuwa mpishi wa pilau za harusi. Zamani, watu wa Fanaka walikuwa wakipanga tarehe ya ndoa kwanza wamuulize Haruni kama ana nafasi, ndipo wamuulize bibi harusi. Alikuwa haonji chakula. Alifunua sufuria, akainamisha uso kwenye mvuke, akajua chumvi imefika au bado.

Kisha akaugua homa kali, na alipopona, pua haikupona naye. Alifunua sufuria akaona mvuke tu, kama mtu anayetazama redio iliyozimwa. Kwenye harusi iliyofuata alitia karafuu, hakuzisikia, akaongeza, hakuzisikia, akaongeza tena. Wageni walikula midomo ikafa ganzi, na shehe aliyekuja kuomba dua alishindwa kutamka maneno akaishia kuinua mikono. Haruni hakuitwa tena na mtu.

Mkewe, Bi. Saumu, alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba. Hakulalamika. Lakini alimwona mumewe kila asubuhi akifungua kopo la viungo, akiingiza pua ndani, akilifunga polepole na kulirudisha rafuni. Ndiye aliyemwambia aende kwenye usaili, walau atoke nje.

"Kazi ya kunusa?" Haruni alisema. "Saumu, unanicheka."

"Sikucheki. Ile ni kazi ya serikali. Nenda, huenda hawahitaji ujuzi."

Kwenye chumba cha usaili palikuwa na kapu lililofunikwa kitambaa, na ndani yake matumbo ya samaki ya tangu juzi. Mwombaji wa kwanza aliinama akazimia. Wa pili akakimbilia dirishani. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alisema kwa adabu kwamba humu kuna kitu kimeoza, akaulizwa ni mwanachama wa chama gani. Ikafika zamu ya Haruni.

"Vuta," Waziri akamwambia. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mheshimiwa."

"Sogea zaidi."

Haruni aliingiza uso wote ndani ya kapu, akavuta pumzi ndefu.

"Sisikii kitu. Lakini ni haki nikueleze, Mheshimiwa. Tangu nilipougua, pua yangu hai..."

"Umesema unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

Waziri alimgeukia karani wake, kijana mmoja mtiifu sana aitwaye Eliapenda, ambaye alitembea na mhuri shingoni kama filimbi ya refa. "Andika hivyo," akasema. "Na uandike pia kwamba jina lake ni Haruni. Haru, harufu. Ni jambo la kudra."

Nyumbani Bi. Saumu aliuliza, "Uliwaambia lakini kwamba hunusi?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakapiga makofi."

*

Kazi ilikuwa rahisi, ila ilikuwa na shamrashamra. Msafara ulitangulia na pikipiki, ukafuata na bendi ya mkoa, kisha gari la Haruni lenye bendera ndogo iliyotariziwa pua. Walifika machinjioni. Haruni alishuka, akavuta pumzi, akasema "Sisikii kitu." Bendi ikapiga. Eliapenda akagonga mhuri kwenye Cheti cha Hewa Safi. Wakaenda kwenye mtaro wa soko la samaki, wakaenda vyoo vya uwanja wa mpira, wakaenda Shangwe penyewe. Kote Haruni alisema kweli yake, na kote akapigiwa bendi.

Wakazi wa mitaa iliyopewa vyeti walishangaa kwamba wao bado wanasikia harufu. Wizara haikuwatupa. Ilifungua kliniki ya wagonjwa wa harufu, ambako mgonjwa aliketishwa mbele ya picha ya waridi na kuulizwa anasikia nini. Aliyejibu kwamba anasikia dampo aliambiwa arudi kesho. Wengi walipona upesi, kwa sababu ya nauli.

Haruni hakuwa na furaha, lakini hakuwa na huzuni kama zamani. Watu walimwamkia. Saumu alipumzisha mgongo. Na moyoni alijiambia kwamba hajasema uongo hata mara moja, jambo ambalo katika utumishi wa umma wa nchi ile lilikuwa halijawahi kutokea.

Sasa, dada yake mkubwa, Bi. Mwanamvua, alikuwa akikaa Bondeni. Hapo palikuwa mahali pekee Fanaka ambapo mtu aliweza kukaa tu. Palikuwa na chemchemi, bustani za mchicha za akina mama, shule ya msingi, na upepo uliopita kati ya vilima viwili ukiwa bado baridi. Jumapili watu walishuka huko kutoka mitaa yote, bila waraka wala mwaliko, wakatandika khanga, wakala machungwa. Kulikuwa hata na bata, wa kwao wenyewe, ambao Wizara haikuwa na habari nao.

Siku msafara ulipofika Bondeni, Haruni aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya "eneo la mfano". Mwanamvua alikuwa amesimama mbele kabisa, amejifunga khanga mpya, na alimwonyesha kila aliyekuwa jirani kwamba yule ni mdogo wake. Haruni akavuta pumzi.

"Sisikii kitu," akasema. Mara hiyo hata wenye pua zao waliafiki. Mwanamvua alipiga makofi kuliko wote, akampa fungu la mchicha apeleke kwa Saumu.

Asubuhi iliyofuata malori yakaja, yakamwaga taka za Shangwe nyuma ya shule.

Sheria iliyopitishwa wiki ileile ilikuwa wazi, na Waziri ndiye aliyeiandika kwa mkono wake. Ilisema: mahali ambapo Mnusaji Mkuu hasikii harufu ya taka ni mahali penye nafasi ya harufu ya taka. Ikaendelea kusema kwamba neno la Mnusaji ni la mwisho, halipingwi mahakamani, halijadiliwi bungeni, wala halifutwi na waziri yeyote, akiwemo Waziri. Na kwamba eneo litanuswa upya kila mwezi, na ikiwa bado halisikiki harufu, basi nafasi bado ipo, malori yaongezwe.

*

Mwanamvua alikwenda kwa mdogo wake na khanga ileile. Hakukaa alipokaribishwa.

"Haruni, umetuuza."

"Dada, sikujua."

"Ulikuja na bendi. Ningekupa hata jogoo siku ile. Watoto wanasoma madirisha yamefungwa. Wakifungua, nzi wanaingia wengi kuliko wanafunzi. Wewe pua huna, nakujua. Waambie."

"Niliwaambia siku ya kwanza."

"Waambie tena."

Haruni akaenda wizarani. Alimweleza Waziri kinagaubaga kwamba hasikii moshi, hasikii vitunguu, hasikii hata jasho lake mwenyewe, na kwamba vyeti vyote havina maana. Waziri alisikiliza kwa makini, macho yakamlengalenga.

"Unyenyekevu," akasema. "Ndicho kitu tunachokikosa katika uongozi wa nchi hii." Akamtunuku nishani.

Mwezi wa pili Haruni alijifunika shuka akasema anaumwa. Wakamchukua kwa machela mpaka Bondeni, wakamlaza pembeni ya taka, wakamuuliza. Angesema anasikia harufu, ungekuwa uongo, na Haruni hakujua kusema uongo. Alifumba macho akasema, "Sisikii kitu." Alipofumbua alimwona dada yake ng'ambo ya kilima cha takataka, amejifunika pua na mdomo kwa ncha ya khanga, anamtazama. Hakuwa na hasira tena usoni. Hilo ndilo lililomuumiza Haruni.

Malori yakaongezwa. Chemchemi ikageuka rangi ya chai. Mchicha ukaota madoa. Bata wakaondoka kwa miguu, kwa foleni, wakipanda barabara ya mjini, na hakuna aliyewaona tena. Mwanamvua akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kilichomwamsha na kumlaza, mpaka majirani wakatuma ujumbe kwa Haruni kwamba aje, na aje bila bendi.

*

Alimkuta kwenye kigoda, amefunikwa blanketi, anajifukiza. Mbele yake palikuwa na sufuria la maji ya moto lenye mchaichai, karafuu na majani ya mkaratusi. Alikuwa dhaifu, kichwa kinamwinamia majini, ikabidi mtu amshike. Haruni aliingia chini ya blanketi pamoja naye, akamkumbatia mabega, wakakaa hivyo gizani katika mvuke, kama walivyokuwa wakijificha mvua walipokuwa watoto.

"Nisamehe, dada," alisema.

"Shika sufuria lisimwagike," alisema Mwanamvua.

Walikaa. Jasho likawatoka. Kisha Haruni akahisi kitu kwa mbali sana, kama mtu anayeitwa jina na sauti asiyoikumbuka ni ya nani. Akavuta tena. Ilikuwa karafuu. Nyuma yake ukaja mchaichai, kisha vumbi la blanketi, kisha nywele za dada yake zenye mafuta ya nazi.

"Dada, nasikia karafuu," alisema.

"Kweli?"

"Naisikia." Alikuwa akilia. Alimbusu kichwani, akamwegemeza ukutani, akatoka chini ya blanketi, akakimbilia mlangoni kama mtu aliyefunguliwa gereza. Alitaka kuusikia ulimwengu wote mara moja, bahari, mikate, mvua. Alisimama barazani, akanyoosha mikono, akavuta pumzi kubwa kuliko zote alizowahi kulivutia taifa.

Ulimwengu ukaja wote. Vyeti vyake vyote vilimjia kwa pamoja, machinjio na mtaro na vyoo vya uwanjani, vimerundikwa hapo nyuma ya shule na kuwashwa moto. Haruni alishika nguzo iliyokuwa karibu, akatapika mpaka akaona nyota. Alipoinua uso aligundua kwamba nguzo ile ni ya bango, na kwenye bango ni yeye mwenyewe, anatabasamu, amevaa nishani: PUA YA TAIFA YATHIBITISHA, BONDENI YANUKIA.

Mlinzi wa irabu aliyekuwa zamu alimsogezea kopo la maji. "Pole, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi hujifunga kitambaa."

*

"Nani mwingine anajua kwamba umepona?" Waziri aliuliza.

"Dada yangu. Na mlinzi mmoja."

Waziri alifunga mlango wa ofisi. "Haruni, taifa limewekeza katika pua yako. Pua inayopona bila kibali ni pua inayoasi." Akafungua mtoto wa meza akatoa pamba. "Hii ni ya hospitali, safi kabisa. Kesho utaiweka, tutakwenda mtaa wa Majani Mapana. Bondeni patajaa karibuni, lazima tujiandae. Utasema maneno yako ya siku zote, bendi itapiga, utarudi kwa mkeo."

"Na nikikataa?"

"Utapelekwa kliniki. Utakaa mbele ya waridi mpaka uone haya."

Haruni aliichukua pamba, akarudi nyumbani. Alimsimulia Saumu kila kitu huku mkewe akikanyaga cherehani. Alipomaliza, Saumu alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Hiyo sheria yao inasema unuse wapi?"

"Popote."

"Popote wanapokupeleka, au popote?"

Haruni alifikiri. Tangu siku ya Bondeni alikuwa ameisikia ikisomwa kwenye kila hafla, aliijua kama wimbo. "Popote," akasema.

Saumu akaachilia gurudumu, akaendelea kushona. "Basi," akasema.

Kutoka wizarani kwenda Majani Mapana, barabara isiyo na mashimo ni moja tu, nayo hupita Kilima cha Wakubwa, wanakoishi mawaziri, makatibu wakuu na wajomba zao. Huko miti haikukatwa, kwa sababu hakuna bango lililohitajika. Asubuhi ile msafara ulipanda kilima taratibu, waandishi wa habari nyuma, redio ya taifa ikitangaza moja kwa moja. Walipofika mbele ya geti la Mheshimiwa Lukindo, Haruni alimgusa dereva begani.

"Simama hapa, ndugu yangu. Nataka kunusa."

Dereva alisimama, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama Haruni anapotaka kunusa. Haruni alishuka. Alitoa pamba puani mbele ya kamera, pande zote mbili, akaitia mfukoni. Kisha akavuta pumzi. Ilikuwa hewa nzuri ajabu. Alisikia majani yaliyokatwa asubuhi, asumini, maji yaliyomwagwa juu ya udongo mkavu. Kwa kitambo alisahau kilichomleta, akavuta mara ya pili kwa raha yake mwenyewe.

"Harufu ya taka," akasema kwenye kipaza sauti, "sisikii kitu."

Bendi ikapiga, maana ndivyo ilivyozoea. Eliapenda, mhuri mkononi, alimsogelea akanong'ona.

"Mzee Haruni, niandike kama kawaida?"

"Andika kama kawaida, mwanangu."

Eliapenda akagonga mhuri. Waziri alikuwa katika gari la nyuma akizungumza kwa simu. Alipogundua kwamba muziki unapigwa mlangoni kwake, cheti kilikuwa kimekauka wino.

*

Malori yalifika baada ya chakula cha mchana. Waziri alitoka nje na leso.

"Rudini," alimwambia msimamizi wa malori. "Hili ni kosa."

"Sisi tunafuata cheti, Mheshimiwa."

"Mimi ndiye Waziri."

"Hata sheria inasema hivyo," alijibu msimamizi kwa heshima. "Waziri yeyote, akiwemo Waziri." Akawapa ishara madereva wamwage.

Mahakama ilikataa shauri, kwa kuwa neno la Mnusaji halipingwi. Bunge lingeweza kuibadilisha sheria, lakini lilikuwa likizo, na wabunge walikuwa wamelipwa posho ya kutokutana. Mkuu wa Nchi, ambaye Ikulu yake ipo juu kidogo ya kilima, alifunga madirisha akatoa tamko la kuwataka wananchi wawe watulivu, na wananchi walikuwa watulivu sana, wengine walitulia mpaka wakashika mbavu. Siku ya tatu Mheshimiwa Lukindo alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Haruni, akakaa kwenye mkeka kati ya vipande vya nguo za Saumu.

"Njoo unuse tena," akasema. "Useme unachosikia. Safari hii useme kweli."

"Nitakuja, Mheshimiwa. Mwezi ujao, kwa mujibu wa ratiba."

"Mwezi ujao ni mbali. Mke wangu amehamia kwa mama yake. Haruni, kunanuka."

"Kunanukia, Mheshimiwa," alirekebisha Eliapenda, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa nia njema kabisa.

Sikuwahi kuona serikali ikifanya kazi kama mwezi ule. Jambo ambalo wataalamu walikuwa wamesema litahitaji kizazi kizima lilijadiliwa asubuhi, likaanza jioni. Iligundulika kwamba maganda na mabaki ya chakula yakitengwa yanakuwa mbolea, na akina mama wa Bondeni, waliokuwa wakilijua hilo tangu kwa bibi zao, waliitwa kilimani kutoa semina kwa makatibu wakuu, wakawafundisha kushika reki. Vyuma vilipata wenyewe, chupa zikapata wenyewe. Kila mtaa ukapata mapipa na gari la taka lenye siku yake. Moto wa Shangwe ukazimwa kwa udongo. Kwenye barabara ya bandarini ikapandwa miche, na mabenchi yakahamishiwa ilipopandwa, yasubiri kivuli. Mkuu wa Nchi alitangaza kwamba mpango huu wote ulikuwamo kichwani mwake tangu siku ile ya bata.

Mwezi ulipotimia, Haruni alipanda kilimani, akanusa, akasema anasikia harufu ya taka, chembe, inayoisha. Kisha akashuka Bondeni akasema hivyohivyo. Baada ya hapo akamkabidhi Eliapenda nishani na ile bendera ndogo, akajiuzulu. Mheshimiwa Lukindo hakupinga. Yeye mwenyewe alikuwa akihamishwa, kwa kupandishwa cheo, kwenda Wizara ya Kelele.

*

Harusi ya kwanza aliyoitwa tena Haruni ilikuwa Bondeni, ya mjukuu wa jirani wa Mwanamvua. Nyuma ya shule pamesawazishwa na kufunikwa udongo mwekundu, na akina mama wamepanda nyasi, ingawa bado watoto wakichimba hutoka na mfuko wa plastiki. Maji ya chemchemi yamerudi karibu na rangi yake. Mchicha unaota tena. Bata hawajarudi.

Mwanamvua aliletewa kiti karibu na meko, ili amtazame mdogo wake akipika. Kikohozi kilikuwa kimepungua, lakini kifua hakikuwa kile cha zamani, na alizungumza kwa kupumzika kila baada ya maneno machache. Haruni alifunua sufuria, akainama kwenye mvuke, akatabasamu, akafunika.

"Njoo," Mwanamvua akamwita. "Kaa hapa. Nikuulize kitu, usiwaambie watu."

Haruni akachuchumaa kando ya kiti.

"Tangu ule moshi, mimi sisikii harufu tena. Nilidhani itarudi kama yako. Nimejifukiza mpaka majani ya mkaratusi yamekwisha mtaani." Alipumzika. "Leo kuna harufu gani hapa?"

Haruni aliushika mkono wa dada yake, mkono wa bustani, mgumu kiganjani, akakaa nao. Kisha akafumba macho, akavuta pumzi.

"Udongo," alisema. "Umelowa, jana usiku ilinyesha. Kuna mtu kapita na sabuni ya kufulia. Mchicha, ule mbichi, unapokatwa. Kuna machungwa yanamenywa upande wa chemchemi."

"Endelea."

"Marashi ya bibi harusi, wamemmwagia mengi. Jasho la wapiga ngoma. Upepo wa pale kati ya vilima, huo hauna kitu, ni baridi tu." Mwanamvua alikuwa amefumba macho naye. "Kitunguu. Moshi wa kuni. Na kitu..." Haruni akakunja uso. "Kuna kitu kinaungua."

Mwanamvua akafumbua macho, akatazama juu ya bega la mdogo wake.

"Ni sufuria lako," akasema.

Haruni aliondoka mbio. Mimi nilikuwa katika wageni waliokula pilau ile, na nathibitisha kwamba ukoko ulikuwa mwingi. Tuliukwangua wote, na sahani ya Mwanamvua ndiyo iliyorudi tupu ya kwanza.